Panya wa mwanangu tumbo linakua kila siku, na "dada yake" kumbe ni dume. Msaada wakuu

mama_Leicester:
Wakuu salaam. Najua wapo watakaocheka. Chekeni mmalize, halafu mnisaidie.

Mwanangu wa mwisho alililia panya wa kufuga mwaka mzima. Huku Uingereza panya anafugwa ndani kama sungura, ana kizimba chake na chakula chake cha dukani. Baba yake alikaa Tandika, panya wakamtafunia vyeti vya shule, kwa hiyo aligoma kabisa. Machozi ya mtoto yakamshinda. Tukanunua wawili, muuzaji akatuhakikishia wote majike. Mtoto akawapa majina, Chapati na Andazi.

Juzi mtoto ananiita, "Mama, Andazi ana uvimbe chini ya mkia, tena mbili." Nikaenda kuangalia. Wakuu, mimi nina watoto wa kiume watatu, ule sio uvimbe.

Sasa Chapati tumbo limetoka, chuchu zinaonekana, na kutwa anabeba vipande vya karatasi kupeleka kona moja. Andazi akimsogelea anampiga teke. Nimepiga simu dukani, wanasema niwarudishe wote wawili. Mtoto hataki kusikia hilo. Kweli hii ni mimba au kanenepa tu? Na kama ni mimba, naanzia wapi?

Manzese_Original:
Panya ananunuliwa? Dada, tuma nauli tu, nakuletea gunia zima.

kijana_wa_Mwenge:
Nimekaa pale nasubiri wajuzi. Andazi mjanja sana huyo, kaingia kama dada wa nyumba.

Mzee wa Vizimba:
Mama Leicester, waache wacheke. Mimi nimefanya kazi miaka mingi nyumba ya wanyama wa maabara, na panya weupe walikuwa ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi. Ni jamii moja na hao wako.

Kabla hujamaliza kusoma hapa, nenda kamtoe dume. Usisubiri kesho. Panya jike akishazaa anaingia joto tena ndani ya saa 24, na dume akiwepo anashika mimba ya pili huku ananyonyesha ya kwanza. Hapo ndipo watu wanapoanza na panya wawili na kujikuta na arobaini. Na kizimba cha Andazi usikigusanishe na cha Chapati, maana wanaweza kupandana kupitia nondo za kizimba. Watu hawaamini mpaka yawakute.

Ukishamtoa, andika tarehe kwenye kalenda. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23, mara chache inasogea mbele kidogo. Siku aliyopandwa huijui, kwa hiyo kuhesabu kutoka mwanzo ni kubahatisha. Wewe hesabu kuanzia siku dume alipotoka. Zikipita siku 26 hajazaa, hana mimba, na hilo tumbo lina jambo lingine.

Dalili zenyewe ni hivi. Wiki mbili za kwanza huoni kitu. Kuanzia kama siku ya 14 chuchu zinajitokeza, panya jike anazo 12, na manyoya yanayozizunguka yanapungua. Kisha tumbo linatanuka pande zote mbili kwa usawa, ukimtazama kwa juu ana umbo la mtungi. Siku za mwisho, akiwa amelala ubavu, unaweza kuona ngozi inachezacheza. Usimminye tumbo kutafuta watoto, utaua.

Mizani ya jikoni unayo? Mweke kwenye bakuli, mpime kila siku saa ileile, uandike. Panya mnene anaongezeka taratibu. Mwenye mimba wiki ya mwisho unaona gramu zinapanda kila asubuhi.

Na kwa faida ya wote, dume unamjua hivi: kuanzia wiki ya nne au ya tano korodani zinaonekana wazi, ila anaweza kuzivuta ndani akiwa na baridi au akiogopa. Dukani walimshika yuko na hofu, wakaona patupu, wakakuandikia jike. Chuchu hazidanganyi, dume wa panya hana kabisa. Na wanakomaa mapema mno, wiki ya tano tu baadhi yao wanaweza kuzalishana. Kwa hiyo usimlaumu Andazi sana, huyo Chapati anaweza kuwa alitoka na mimba hukohuko dukani.

mama_Leicester:
Asante sana mzee wangu. Andazi amehamishiwa chumba cha kaka yake mkubwa, mlango umefungwa. Mizani naanza kesho.

Wanjiru_wa_Nakuru:
Hujambo mama, mimi nasomea udaktari wa wanyama huku Kenya. Naongezea kwa Mzee, maana si kila tumbo ni mimba.

Panya jike anaongoza kwa uvimbe wa matiti. Na matiti ya panya hayako tumboni pekee, tishu yake inaanzia shingoni na kwapani hadi mapajani. Kwa hivyo ukihisi donge upande mmoja tu, linalosogea chini ya ngozi ukiligusa, hiyo si mimba. Mimba hujaa pande zote.

Lingine ni usaha kwenye kizazi. Tumbo linavimba, mnyama anajikunyata, manyoya yamesimama, hali chakula, pengine anatokwa na uchafu unaonuka au damu. Na tafadhali mkumbuke kwamba panya hapati hedhi. Ukiona damu chini ya mkia na hayuko kwenye kuzaa, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Kuna pia mimba ya uongo. Anajenga kiota, anabadilika tabia, kisha baada ya kama wiki mbili yanaisha bila kitu.

Ukiona wekundu kwenye macho au puani usipige kelele kwamba anatokwa damu. Hayo ni machozi ya panya, yana rangi yake ya asili. Ila yakizidi, ujue ana msongo au anaumwa kifua. Panya wengi wamebeba vijidudu vya kifua tangu utotoni, na mimba inaweza kuviamsha. Ukimsikia anakoroma akipumua, usingoje.

binti_wa_Birmingham:
Mama, mimi nafuga panya miaka sasa, niko saa moja tu kutoka kwako. Tafuta daktari anayejua wanyama wadogo. Hawa wa mbwa na paka wengi wao panya anawapiga chenga. Uliza kwenye simu kabisa, "mnatibu panya mara ngapi?" Wakisitasita, kata.

Na jambo ambalo watu hawalisemi: kama mimba bado changa na hamtaki watoto, daktari anaweza kumtoa kizazi au kumpa sindano ya kuizuia. Si dhambi kuuliza. Ila kwa tumbo unalolielezea nadhani muda huo umeshapita, na upasuaji siku za mwisho ni hatari kwa mama. Mwamuzi ni daktari, sio sisi huku.

mama_Leicester:
Nimempeleka. Daktari kampapasa taratibu, akampitishia kile kipimo cha picha, na mimi nikaonyeshwa mioyo inadunda kwenye kioo. Nilienda nimenuna, nikarudi natabasamu kama bibi mzaa mama. Amesema ni wiki ya tatu tayari, na kuzuia haiwezekani tena. Sasa nipeni habari za kujifungua. Kizimba chetu kina ghorofa tatu na ngazi.

shangazi_Moshi:
Jamani mzazi apewe mtori! Na uji wa ulezi.

Mzee wa Vizimba:
Shangazi umenichekesha, ila hujakosea sana. Nitakuja kwenye chakula.

Hicho cha ghorofa hakifai. Mama anabeba watoto kwa meno, anapanda nao, mmoja akidondoka kutoka juu imekwisha. Na nondo zake zikiachana sentimita moja na nusu kitoto kinapita. Chukua boksi kubwa la plastiki, lile la kuhifadhia nguo za baridi, sakafu moja tu. Kata dirisha pana kwenye mfuniko na ubavuni, funga wavu wa chuma wenye matundu madogo. Ndani yake weka kijumba, hata kiboksi cha viatu chenye mlango kinatosha.

Matandiko ndiyo watu wanapoharibu. Maranda ya mbao zenye harufu kali, mierezi na misonobari, usiweke, yanachoma mapafu yao. Pamba na zile nyuzi laini zinazouzwa kama "kitanda cha panya" usiweke pia. Nyuzi zake zinajisokota kwenye miguu ya vitoto na kukata damu. Chana karatasi nyeupe za jikoni vipande virefu, uweke tele nje ya kijumba. Asikukute umemtandikia. Mwache abebe mwenyewe, ile kazi inamtuliza.

Mhamishe siku chache kabla, ili boksi linuke harufu yake. Liweke mbali na televisheni, mbali na dirisha lenye upepo, chumba cha joto la nyuzi 20 hadi 24.

Sasa chakula. Msingi ni chakula chake cha vidonge cha kila siku, akipate wakati wote. Juu yake ongeza protini, vyakula vya kujenga mwili: kipande cha yai la kuchemsha, kuku aliyechemshwa bila chumvi, samaki, au dagaa walioloweshwa chumvi ikatoka. Sukuma wiki kidogo, brokoli. Mtori wa shangazi, kama hauna chumvi wala mafuta, kijiko cha chai hakimdhuru. Lakini usimshindilie wiki ya mwisho, watoto wakiwa wakubwa mno kuzaa kunamshinda. Maharage mabichi hapana, yana sumu mpaka yapikwe yaive. Soda hapana, panya hawezi kubeua wala kutapika, gesi ikiingia haina njia ya kurudi. Maji mengi, chupa mbili, maana moja ikiziba usiku na yeye ananyonyesha ni balaa.

Manzese_Original:
Mzee, panya wangu wa darini anakula waya za umeme na sabuni na anazaa kila mwezi bila daktari. Huyu wa Ulaya anapimwa mioyo!

Mzee wa Vizimba:
Wa darini kwako huwaoni wanaokufa.

daktari_wa_kata:
Na magonjwa je? Sisi tuliosikia tauni ya Lushoto miaka ile hatulali na panya nyumba moja.

Wanjiru_wa_Nakuru:
Swali zuri. Tauni hubebwa na viroboto wa panya wa porini na wa majumbani, na hawa wa kizimbani hawakutani nao. Lakini si kwamba ni wasafi kama malaika. Kuna homa ya kung'atwa na panya, kuna vijidudu vya leptospira kwenye mkojo, na huko Uingereza kirusi cha hanta kiliwahi kupatikana hata kwa panya wa kufugwa. Kwa hivyo mtoto anawe mikono kila akiwashika, asile nao, asiwabusu. Mama mja mzito au mtu mwenye kinga dhaifu asisafishe kizimba. Na panya akimng'ata mtoto kisha homa ikaja, mwambie daktari kuhusu panya bila kuulizwa.

mtu_wa_Mzinga:
Hapa Morogoro tunao panya buku wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa TB. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapahapa, akaenda Kambodia kunusa mabomu, akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Kwa hiyo anayesema panya hana kazi aje Moro. Mimba yao nayo ni siku 22?

Mzee wa Vizimba:
Hapana mkuu, panya buku ni jamii nyingine kabisa. Mimba yake inakaribia mwezi na anazaa wachache, mara nyingi hawazidi watano. Huyu wa mama Leicester anaweza kuzaa sita, kumi na mbili, hata zaidi. Usichukue hesabu za buku ukazileta huku.

mama_Leicester:
Mzee, uzito umepanda asubuhi zote hizi mfululizo. Leo ameacha kula, anazungukazunguka, anajinyoosha mwili mzima kama anajikunja tumbo kwa ndani. Kuna doa dogo la damu kwenye karatasi. Mtoto yuko shule. Nifanye nini?

Mzee wa Vizimba:
Ndiyo yenyewe hiyo. Usifanye kitu. Zima taa, toka chumbani, chungulia kila baada ya nusu saa kwa mbali. Kwa kawaida saa moja hadi mbili anamaliza. Utamwona amekaa kitako, anainama, anavuta mtoto kwa meno, analamba, anakula kondo la nyuma. Usishtuke ukiona anakula, hiyo ni kawaida.

Kinachotaka daktari mara moja: anasukuma kwa nguvu saa mbili na hakuna kilichotoka, damu inachuruzika badala ya doa, uchafu wa kijani au mweusi, au mtoto amekwama nusu. Usivute mwenyewe.

binti_wa_Birmingham:
Namba ya dharura ya daktari iwe mkononi mama. Tupo na wewe.

mama_Leicester:
MREJESHO. Amezaa! Nimesikia vilio vyembamba kutoka kwenye kiboksi cha viatu. Baba mtu, yuleyule wa vyeti, kakaa sakafuni kwenye ukumbi anauliza "wamefika wangapi?" kila dakika. Nilihesabu kumi na mmoja Chapati alipotoka kunywa maji. Jioni hii naona kumi. Wakuu, mmoja yuko wapi?

kijana_wa_Mwenge:
Mungu wangu.

Mzee wa Vizimba:
Amemla. Usimchukie, na mweleze mtoto kwa utulivu. Aliyekufa au aliyezaliwa dhaifu mama humwondoa ili kiota kisioze. Lakini wakiendelea kupungua kesho na keshokutwa, tazama kelele, njaa, kiu, au watu wengi wanaochungulia. Wiki hii ya kwanza wageni wasije kumwona mzazi.

Kesho Chapati akitoka kula, angalia vitoto haraka. Ngozi yao bado inapitisha mwanga, na aliyenyonya unaona utepe mweupe wa maziwa ubavuni. Ukiona utepe kwa wote, lala usingizi. Asiye nao mara moja si hoja, wananyonya kwa zamu. Wote wakikosa kutwa nzima na wamepoa mwili, daktari. Kuwanyonyesha kwa mkono ni kila saa mbili tatu usiku na mchana, na kuwapangusa chini kwa pamba ya maji ya uvuguvugu ili wakojoe, na bado wengi hufa. Panya mwingine anayenyonyesha akipatikana kwa mfugaji ndiye mkombozi, anapokea wa kuasili bila matata.

Ukitaka kuwashika, sugua mikono kwanza kwenye karatasi za kiota chake. Kwa kuwa Chapati amekuzoea, hatajali.

shangazi_Moshi:
Hongera bibi. Mtori upo jikoni.

mama_Leicester:
Mrejesho mwingine. Wote kumi wapo, utepe wa maziwa niliuona kwa macho yangu. Sasa wana manyoya na wiki hii wamefumbua macho, wanakimbia boksi zima. Chapati amekonda kidogo ila anakula vizuri. Swali langu ni dume na jike. Sitaki kurudia mchezo uleule.

Wanjiru_wa_Nakuru:
Macho kufumbuka ni wiki mbili, mko sawasawa. Washike wawili wawili ulinganishe nafasi kati ya tundu la mkojo na la haja kubwa. Dume ni ndefu, jike ni fupi. Chuchu za majike zilikuwa wazi zaidi kabla manyoya hayajajaa, ila ukipuliza tumboni bado utaziona. Kila dume mtie alama ya rangi ya chakula mkiani, urudie ikifutika, na ukague tena wiki ya nne. Wiki ya nne korodani zitakuumbua kama ulikosea.

Mzee wa Vizimba:
Wanaanza kula chakula kigumu sasa, ila waache na mama. Watoto waliotolewa wiki ya tatu wanaishi, lakini waliokaa hadi ya tano wanakuwa na tabia nzuri na hawang'ati. Ikifika wiki ya tano kamili, madume yote yatoke siku moja, hata kama yanaonekana madogo. Watampanda mama yao na dada zao, hawana aibu. Majike yanabaki na Chapati.

mama_Leicester:
Na Andazi? Yuko peke yake na amenyong'onyea. Daktari anasema tunaweza kumhasi.

binti_wa_Birmingham:
Kumhasi ni sawa, ila asirudi kwa Chapati siku hiyohiyo, mbegu zinabaki wiki kadhaa. Njia nyepesi mpe wanawe wa kiume. Dume mzima kwa kawaida anawapokea wadogo vizuri. Wakutanishe mahali ambapo si kwake, bafuni kwenye taulo, au kitandani, ukae hapo uangalie. Akiwabinua na kuwasafisha kwa nguvu wakalia kidogo, mwache, anajitambulisha. Manyoya yakimsimama na akitembea ubavuubavu, watenganishe na ujaribu siku nyingine. Halafu sugua kizimba chake chote, panga vitu upya, waingie wote pamoja.

Manzese_Original:
Dada, nimesoma uzi wote. Jana nimeona panya jike darini nikaanza kumwangalia kama ana umbo la mtungi. Mmeniharibu.

mama_Leicester:
Manzese 😂

Basi nimehesabu, madume wanne, majike sita. Madume wanaenda kwa baba yao. Majike wawili tunabaki nao na Chapati, wanne nawatafutia nyumba. Aliyeko Leicester, Birmingham au Nottingham aje pm na picha ya kizimba. Wanatoka wawili wawili, sitoi mmoja peke yake, na simpi mwenye nyoka.